Aria Moja, Masikio Manane

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye saa. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliingia studio mara mbili kurekodi tungo la Johann Sebastian Bach liitwalo Mabadiliko ya Goldberg. Mara ya kwanza ilikuwa Juni 1955, akiwa kijana wa miaka 22. Ya pili ilikuwa 1981, na mwaka uliofuata akafariki. Aria, yaani wimbo mfupi unaofungua tungo hilo, katika rekodi ya kwanza haifiki dakika mbili. Katika ya pili inapita dakika tatu. Noti zilezile, mtu yuleyule, jengo lilelile la New York. Waketishe wasikilizaji wawili mbele ya rekodi hizo, na chai itapoa vikombeni.

Hapa wameketishwa wanne, sebuleni kwa fundi mmoja wa redio mjini Moshi, Jumapili baada ya ibada. Wanne hao ni wa kubuni, ndiyo maana hawana majina. Rekodi wanazozigombea ni za kweli, na anayetaka kuwaumbua anaweza kuzitafuta akazisikiliza mwenyewe. Yupo Fundi, mwenye nyumba, ambaye macho yamechoka lakini bado anaijua redio kwa kuinusa. Yupo Mwalimu, mama anayefundisha kwaya ya usharika. Yupo Karani, mstaafu mwenye CD nyingi na daftari jeusi ambamo kila CD imepewa alama. Na yupo Binti, mjukuu wa Fundi, mwanafunzi wa chuo, anayesikiliza kila kitu kwa simu.

Asije mtu akashangaa Bach kujadiliwa Moshi. Nyimbo za Kilutheri ambazo yeye alizipangia sauti huimbwa kwa Kiswahili makanisani Kilimanjaro, kutoka kitabu cha Mwimbieni Bwana. Mwalimu alimwimba Bach miaka mingi kabla hajalijua jina lake.

Karani ndiye aliyeanza, daftari likiwa limefunuliwa magotini. "Ya 1981 ndiyo rekodi. Ile ya 1955 ni ujana, mbio tupu. Kijana anakimbia, mtu mzima anatembea. Nimeipa ya kwanza alama saba, ya pili tisa na nusu."

"Babu, samahani," Binti akauliza, "hayo umeyasikia, au umeyasoma?"

Swali lilikuwa na adabu, lakini lilichoma. Karani alijibu kwa historia, kama wafanyavyo makarani wote waliotunza mafaili. Mwaka 1923, alisema, mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie alianzisha Uingereza jarida la The Gramophone. Hakuwa na mchezo. Santuri za wakati ule zilibeba dakika nne hivi, tano zikizidi, kila upande. Simfonia moja ilikuwa kifurushi kizima cha sahani nzito zinazovunjika, na bei yake haikuwa ya kila mtu. Mnunuzi alihitaji aliyetangulia kusikiliza amwambie: hii chukua, hii acha. BBC nayo ikaanza mwaka 1957 kipindi cha redio cha kuchambua rekodi, na ndani yake ikazuka desturi ya kuchukua tungo moja, kuziweka rekodi zake zote mezani, na kuchagua moja ya kuweka kabatini. "Sasa wewe binti unaniuliza nimesoma? Nimesoma, ndiyo. Ningenunua kwa kupiga ramli?"

Hoja ya Karani ina uzito kuliko Binti alivyotaka kukiri. Maoni ya msikilizaji mwenzio yalianza kama msaada wa mfuko, kabla hayajawa mashindano ya nani ana sikio zuri. Ila sababu ya bei imekwisha. Katika simu ya Binti rekodi zote mbili za Gould zipo kwa ada ileile, pamoja na nyingine nyingi za tungo hilohilo. Kilichobaki ni mazoea ya kutoa alama, na mazoea hayo hayajui yanamsaidia nani tena.

Mwalimu alikuwa kimya, akimsubiri kila mtu ameze chai. Kisha akasema jambo ambalo halikuwamo daftarini. Bach aliandika alama za marudio: kila sehemu ya kila badiliko, yaani kila kipande kinachofuata aria, ipigwe mara mbili. Gould katika 1955 aliyaruka marudio yote. Katika 1981 alirudia baadhi. "Kwa hiyo mnaposema hii ni dakika thelathini na nane na ile ni hamsini na moja, halafu mnahitimisha kwamba mmoja mbio mwingine pole, mmelinganisha safari mbili ambazo moja imekatiza njia. Kwaya yangu ikiruka marudio huwa nairudisha mwanzo."

"Na hilo ni kosa lake?" Binti akauliza.

"Ni kosa lake, tena kubwa. Na bado naipenda."

Hapo mjadala ulipata sura. Hadi dakika ile ungedhani wanashindana kati ya rekodi mbili. Kumbe kila mmoja alikuwa na hakimu wake. Wa Karani ni wahakiki. Wa Mwalimu ni karatasi ya noti. Fundi naye hakimu wake alikuwa waya.

Fundi alisimulia kwa raha, maana ni eneo lake. Rekodi zote mbili zilifanyika katika studio ya kampuni ya Columbia, mtaa wa 30 jijini New York, jengo lililokuwa kanisa kabla ya kuwa studio. Mwaka 1955 Gould alipiga Steinway, na sauti ilinaswa kwa kanda. Mwaka 1981 alipiga Yamaha, na mafundi walirekodi kwa njia mbili sambamba: ya dijitali, iliyokuwa ngeni wakati huo, na ya kanda kama zamani. CD za mwanzo zilitoka kwenye dijitali. Mwaka 2002 kampuni ya Sony ikaitoa upya rekodi hiyo, safari hii kutoka kwenye kanda. "Sasa Karani, tisa na nusu yako umempa nani? Gould, au mashine ya dijitali? Mimi ninazo zote mbili kabatini, na hazilii sawa. Ile ya kanda ina nyama. Watu wawili wanaweza kutukanana mwaka mzima juu ya rekodi moja, kumbe kila mmoja ana nyingine."

Aliyewahi kumsikia jirani akilaani besi ya wimbo anaousikiliza kwenye simu isiyo na besi ataelewa Fundi anasema nini.

Lakini kuna kitu hakijali mashine wala toleo: mvumo. Gould alipopiga piano aliimba kwa kufumba mdomo, na mafundi hawakufanikiwa kumnyamazisha. Alikaa chini mno, kwenye kiti cha kukunja ambacho baba yake alikipunguza miguu, pua karibu na vidole, na nyuma ya noti za Bach unasikia dume likiguna wimbo mwingine ambao Bach hakuuandika. Karani alikuwa ameliandika hilo katika safu ya kasoro. Mwalimu alikiri kwamba mwanakwaya akimfanyia hivyo atamtoa nje. Binti ndiye aliyesema kwamba bila ule mguno asingejua kama ndani ya simu kuna mtu.

Kisha akaleta kisa kilichowanyamazisha wazee watatu.

Palikuwa na mpiga piano wa Uingereza aliyeitwa Joyce Hatto, aliyezaliwa 1928. Aliacha kupiga hadharani katika miaka ya 1970. Miaka ya mwisho ya uhai wake kampuni ndogo ya mumewe, William Barrington-Coupe, ilianza kutoa CD zenye jina la Hatto, na zikaendelea kutoka mpaka zikapita mia moja: Liszt, Chopin, Rachmaninov, karibu kila kigumu kilichowahi kuandikiwa piano. Mama mgonjwa, mbali na majukwaa, anapiga yote hayo? Habari ikasambaa miongoni mwa wasikilizaji, mmoja akimwambia mwenzake. Wahakiki nao wakafuata, na mwaka 2005 gazeti la Boston Globe lilimpamba kama gwiji ambaye dunia ilikuwa imempita bila kumwona. Alifariki Juni 2006, akaandikiwa tanzia za heshima.

Februari 2007 msikilizaji mmoja aliitia CD ya Hatto ya mazoezi ya piano ya Liszt ndani ya kompyuta. Programu ikaandika kwenye kioo jina la mtu mwingine: László Simon, mpiga piano wa Hungaria, aliyerekodi kwa kampuni ya BIS ya Sweden. Jarida la Gramophone likapeleka suala hilo kwa mtaalamu wa sauti, mawimbi yakalinganishwa, na sehemu kubwa ya CD ile ikaonekana ni ya Simon kweli. Uzi ukavutwa. Konserto ya tatu ya Rachmaninov ilikuwa ya Yefim Bronfman, na okestra iliyoongozwa na Esa-Pekka Salonen. Kwenye jalada la Hatto kiongozi alikuwa bwana mmoja René Köhler, ambaye hakupatikana ushahidi wowote kwamba aliwahi kuishi. (Kiswahili kinamwita kiongozi wa namna hiyo kondakta, na kondakta wa daladala angalau huwa anaonekana.) Baadhi ya vipande vilikuwa vimeharakishwa au kucheleweshwa kwa mitambo ili visitambulike.

"Subiri kidogo," Fundi aliingilia. "Hiyo programu inatambuaje?"

Binti alikuwa amelichimba hilo. Programu za aina ile wakati huo zilisoma orodha ya nyimbo kwenye CD, ziko ngapi na kila mmoja una urefu gani, zikaifananisha na hazina ya orodha nyingine. Hazikusikiliza hata noti moja.

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Masikio ya wahakiki, ya wakusanyaji wa miaka arobaini, ya watu wenye madaftari meusi, yote yalipita juu ya udanganyifu ule. Uliokamatwa ulikamatwa na mashine kiziwi yenye kujua kuhesabu tu.

Karani hakucheka. Alihisi, na si bure, kwamba kisa kile kilikuwa kimemwelekea yeye. Rekodi ya Simon ilikuwa imekwisha kuwa dukani kwa jina la Simon, na haikuwa imeleta kishindo. Ilipovishwa jina la Hatto na hadithi ya ugonjwa, watu walisikia ndani yake ujasiri na hekima ya uzeeni. Kwa maana hiyo walilisikia jalada. "Mnataka kusema uhakiki wote ni uongo," alisema.

Hakuna aliyesema hivyo, na mwandishi wa makala haya hasemi. Muziki ule ulikuwa mzuri kweli, na waliousifu hawakukosea kuusifu. Walichokosea ni kuitafutia sifa hiyo sababu katika maisha ya mtu badala ya sauti iliyo mbele yao.

Mwalimu aliuliza swali la kiungwana zaidi: kwa nini mume alifanya vile?

Jibu lake, baada ya kukiri kwa barua kwa mkuu wa kampuni ya BIS, lilikuwa kwamba yote aliyafanya kwa ajili ya mkewe. Alieleza kwamba Hatto alikuwa akirekodi huku akiugulia maumivu, na sauti za kugumia zikaingia kwenye rekodi. Akaanza kutafuta vipande vya wapiga piano wengine wanaopiga kwa namna inayokaribiana, abandike juu ya mgumio tu. Baadaye vipande vikarefuka. Si kila mtu aliyaamini maelezo hayo. Lakini yaweke karibu na Gould, alisema Binti: mmoja mguno wake umeachwa, na Karani ameuandika kuwa kasoro, mwingine mgumio wake ulifutwa, na pamoja nao akafutwa mwenyewe.

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kiasi cha jogoo wa jirani kusikika.

Ndipo Karani, kwa mshangao wa wote, akamtetea Binti dhidi ya daftari lake mwenyewe. Alimtaja Artur Schnabel. Kati ya 1932 na 1935, jijini London, Schnabel alirekodi sonata zote 32 za Beethoven, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kampuni ya HMV haikuthubutu kuziweka dukani ovyo. Waliandikisha wanachama waliolipia kabla. Enzi ile hapakuwa na kukata na kuunga kanda. Ukikosea, ama urudie upande mzima wa santuri, ama kosa libaki. Kwa Schnabel yalibaki mengi. Noti zinaanguka, mikono inagongana mahali Beethoven alipodai kasi isiyo ya kibinadamu. "Na hizo nimezipa tisa," Karani alisema, kama anayeungama. "Sikuandika sababu. Sikuwa nayo."

"Andika sasa," Mwalimu akamwambia. "Usiandike alama. Andika wapi. Sonata ipi, dakika ya ngapi, mkono upi. Mimi nikienda nyumbani nikafungue hapohapo nikakusikie."

Katika mazungumzo yote ya jioni ile, hili ndilo lenye faida zaidi, na lilisemwa na mtu ambaye hana hata kabati la CD. Anayesema rekodi fulani ni ya kina amenifungia mlango, kwa kuwa siwezi kukagua kina chake. Anayesema kwamba katika badiliko la mwisho la Goldberg Bach amezisuka nyimbo za mitaani, mmojawapo ukitaja kabichi, na kwamba mpiga piano huyu ameziacha zisikike kama ulevi wa harusini wakati yule amezifanya wimbo wa kanisa, huyo amenipa kiti. Naweza kukaa nikakubali au nikakataa.

Fundi, kwa kuwa ni fundi, alitaka kipimo. Wageni wafumbe macho, majina yafichwe, yeye aweke rekodi na wao waseme. Ya kwanza ikaanza. Kabla aria haijafika mbali Mwalimu akasema, "Huyu si yule anayeguna?" Kipimo kikaharibika.

Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Sauti kavu, ya nyuzi zinazokwanyuliwa, yenye mngurumo chini. Binti aliipenda papo hapo, akasema inamkumbusha ala ambayo hajui jina lake ikipigwa kwa hasira. Mwalimu alisema mwendo wake ni wa mtu anayejua anakokwenda. Karani alisema hajawahi kuisikia. Fundi akafunua: Wanda Landowska, mama wa Kipolandi, Paris, 1933, kwa harpsikodi, kinanda cha aina ambayo Bach aliiandikia tungo hilo, lililochapishwa mwaka 1741. Karani alifungua daftari. Landowska alikuwamo, na alama tano. Alikuwa amesoma mahali kwamba harpsikodi yake, aliyotengenezewa na kiwanda cha piano cha Pleyel, ni nzito na imepitwa na wakati. CD yenyewe haikuwahi kutoka kwenye plastiki.

Hakuna aliyemcheka. Kila aliyekuwapo alikuwa na Landowska wake.

Jioni ilikuwa inaingia, Mwalimu akachukua mkoba, na pengine mambo yangeishia hapo kama Binti asingerudi kwenye sentensi ya kwanza kabisa, ile ya kijana anayekimbia na mtu mzima anayetembea. Sentensi hiyo si ya Karani peke yake. Kila anayezungumzia rekodi hizi mbili huirithi na kuirithisha, na kwa sehemu kubwa ya tungo ni kweli. Gould mwenyewe alieleza kwamba mara ya pili alitaka mapigo yanayounganisha badiliko moja na jingine, badala ya kila moja kukimbia kivyake. Lakini Binti alikuwa ameliangalia badiliko la 25, lile la huzuni, ambalo Landowska aliliita lulu nyeusi. Hakuna marudio katika rekodi yoyote ya hizo mbili, kwa hiyo hata Mwalimu hana pingamizi.

"Hebu pimeni," alisema.

Fundi alivua saa ya mkononi, akaiweka juu ya meza. Wakasikiliza ya 1981. Ilimalizika dakika ya sita ikiwa imepita kidogo tu. Kisha ya 1955. Dakika ya sita ikafika, ikapita, piano bado inashuka ngazi zake gizani, na kijana anayedaiwa kukimbia alikuwa hajamaliza. Alipomaliza ilikuwa karibu dakika sita na nusu. Gould mzee alikuja kuiona namna yake ya ujanani kuwa ya mahaba mno, inayomkaribia Chopin kuliko Bach.

Karani aliitazama saa, akamtazama Fundi kana kwamba saa imechezewa.

"Mimi nilisikia polepole kwenye ya pili," alisema. "Naapa nilisikia."

"Ulisikia, babu," Binti alijibu. "Hata mimi mwanzo nilisikia hivyo."

Mwalimu akarudisha mkoba chini, akaomba chai nyingine. Alitaka kujua kama mguno nao upo katika lile badiliko, na kama upo, unaanzia sehemu ya kwanza au ya pili. Fundi akaitafuta tena ya 1955. Karani alisimama, akaenda mwenyewe kabatini, akarudi na zote mbili za 1981, ile ya dijitali na ile ya kanda.

"Hizi naziazima," alisema. "Mpaka Jumapili ijayo."

Fundi akamwandika kwenye kitabu chake cha wadeni.